Kura, Rangi na Ubingwa wa Syracuse wa Mwaka 1959

Mapema Desemba 1959, timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse, kilichoko katikati ya jimbo la New York, ilitangazwa kuwa bingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, yaani ule mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira mikononi, si soka. Haikucheza fainali, kwa sababu fainali haikuwepo. Msomaji aliyezoea msimamo wa ligi, ambako pointi huhesabiwa, tofauti ya mabao huangaliwa na anayekaa kileleni mwishoni hana wa kumbishia, ataliona jambo hili kuwa la ajabu, na kwa kweli lilikuwa la ajabu hata kwa Wamarekani wenyewe, ingawa waliliacha liendelee kwa miongo mingi. Vyuo zaidi ya mia vilicheza mechi kumi au karibu na kumi kila kimoja, vingi dhidi ya majirani tu, na mara nyingi bila kukutana kabisa na wale waliokuwa wakigombea nao heshima ileile. Kisha waandishi wa habari za michezo walipiga kura chini ya shirika la Associated Press, makocha wakapiga zao chini ya United Press International, na aliyeongoza kwenye karatasi hizo ndiye aliyeitwa bingwa.

Isitoshe, kura hizo zilipigwa kabla ya mechi za mwaliko za Mwaka Mpya, yaani zile mechi kubwa za Rose Bowl, Sugar Bowl, Orange Bowl na Cotton Bowl ambazo mara nyingi ndizo zilizowakutanisha wakubwa wa kanda mbalimbali. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Oklahoma walivikwa taji la 1950, kisha wakafungwa na Kentucky 13-7. Maryland walivikwa la 1953, wakafungwa na Oklahoma 7-0. Minnesota walivikwa la 1960, wakafungwa na Washington 17-7. Wote watatu wamebaki mabingwa vitabuni. Ni mwaka 1968 tu ambapo waandishi walikubali moja kwa moja kusubiri mechi za Januari zimalizike ndipo wapige kura ya mwisho, na hata hapo makocha waliendelea na utaratibu wao wa zamani kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo mtu akiuliza ni nani hasa alikuwa bingwa wa mwaka fulani katika kipindi hicho, anauliza swali linalostahili uchambuzi, na kwa mwaka 1959 swali hilo lina uzito wa pekee. Syracuse hawakupoteza mechi hata moja. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Mississippi, kinachojulikana zaidi kwa jina la Ole Miss, mpaka leo kinauhesabu mwaka huo miongoni mwa mataji yake, na ipo mifumo ya kihesabu ya kupanga timu inayokiunga mkono. Msimamo wangu ni kwamba taji ni la Syracuse, lakini sababu ninayoiona kuwa nzito si ile inayotajwa kwa kawaida, yaani wingi wa pointi na yadi (kipimo cha umbali, pungufu kidogo ya mita). Sababu ni kwamba kati ya wadai hao wawili, mmoja alikuwa tayari kucheza na yeyote, na mwingine alikuwa amejichagulia wapinzani kwa kuangalia rangi ya ngozi zao.

Kwanza timu yenyewe. Syracuse waliuanza mwaka ule wakiwa na sifa nzuri nyumbani na sifa mbaya ugenini. Futiboli ya Mashariki ilidharauliwa na watu wa Kusini na wa Magharibi ya Kati, na Syracuse walikuwa wametoa sababu za kudharauliwa: Januari 1953 walipigwa na Alabama 61-6 katika Orange Bowl, kipigo ambacho kilitajwa kila walipotajwa wao, Januari 1957, wakiwa na Jim Brown, mmoja wa wakimbiaji bora kuwahi kutokea katika mchezo huo, walifungwa na Texas Christian 28-27, na Januari 1959 Oklahoma waliwafunga 21-6. Mialiko mitatu, vipigo vitatu. Kocha wao, Ben Schwartzwalder, alikuwa mtu mfupi, mkali, mzaliwa wa West Virginia, askari wa miavuli aliyeruka Normandy mwaka 1944 na kurudi na nishani. Alifika Syracuse mwaka 1949 akitokea chuo kidogo cha Muhlenberg, na imani yake katika mchezo ilikuwa rahisi kuieleza: shika mpira, kimbia nao ardhini, mchoshe mpinzani mpaka mistari yake ilegee.

Imani hiyo iliendana na sheria za wakati ule. Tangu 1953 kanuni zilibana ubadilishaji wa wachezaji, hivyo mtu aliyeingia kushambulia ndiye huyohuyo aliyebaki kulinda mpira ulipopotea. Timu iliyokuwa na wanaume kumi na mmoja wenye nguvu, na wengine kumi na mmoja wasiopungua sana nyuma yao, ilikuwa na faida kubwa kuliko timu yenye nyota mmoja. Syracuse walikuwa nayo. Safu ya mbele, iliyokuwa na Roger Davis, Al Bemiller, Fred Mautino, Bob Yates na Maury Youmans, ilisukuma watu kama wanavyosukuma mlango. Nyuma yao alikuwepo nahodha Gerhard Schwedes, mzaliwa wa Ujerumani; Art Baker, ambaye mwaka uleule wa 1959 alikuwa pia bingwa wa vyuo katika mieleka; Dave Sarette, mpanga mashambulizi aliyekuwa mwaka wa pili chuoni; na kijana mwingine wa mwaka wa pili, Ernie Davis kutoka mji wa Elmira, aliyepewa jezi namba 44 iliyokuwa ya Jim Brown. Kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa, huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza. Alikimbia yadi 686, wastani wa yadi saba kila alipobeba mpira.

Takwimu za timu nzima zilikuwa kubwa kupita kiasi. Katika mechi kumi za msimu wa kawaida walifunga pointi 390 na kufungwa 59, na mara tano mpinzani aliondoka bila pointi hata moja. Waliongoza taifa kwa kufunga na kwa yadi walizopata, na papo hapo waliongoza kwa kuzuia yadi za wapinzani. Timu moja kuwa ya kwanza katika ushambuliaji na ya kwanza katika ulinzi ni jambo ambalo hata mtu asiyewapenda inabidi alikubali.

Lakini takwimu hizi zinahitaji kupepetwa. Ushindi wa 71-0 dhidi ya Colgate hauthibitishi chochote isipokuwa udhaifu wa Colgate, na ule wa 46-0 dhidi ya Boston University hauko mbali na huo. Holy Cross walifungwa 42-6, West Virginia 44-0. Waliosema wakati ule kwamba Syracuse wamejinenepesha kwa vyuo vidogo vya Mashariki hawakuwa wakisema uongo. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Kansas, 35-21, na zile za Maryland, Navy na Pittsburgh zilikuwa na uzito fulani, ila mtu anayetaka kuipima timu hii kwa haki anapaswa kuweka kando karibu robo tatu ya msimu na kuangalia mechi tatu: Penn State, UCLA na Texas.

Ile ya Penn State, tarehe 7 Novemba, ndiyo iliyokaribia kuubomoa msimu mzima. Timu zote mbili zilikuwa hazijafungwa. Syracuse, wakicheza ugenini, walianza nyuma, wakajikusanya, na katika kipindi cha pili walikuwa mbele 20-6, hali ambayo kwa timu ya Schwartzwalder ilimaanisha kwamba kazi imekwisha. Penn State hawakukubali. Roger Kochman aliupokea mpira wa kuanzia kwenye mstari wake wa mwisho kabisa akaukimbiza yadi 100, uwanja mzima, bila kuangushwa. Baadaye Syracuse walipotaka kuupiga mpira mbali na lango lao, ulizuiwa mguuni, na Penn State wakafunga tena kutoka hatua chache. Ikawa 20-18. Kanuni mpya iliyoanza msimu wa 1958 ilimruhusu aliyefunga kuchagua kati ya kupiga mpira kwa pointi moja ya nyongeza na kujaribu kuuingiza kwa mkono kwa pointi mbili. Penn State walijaribu nyongeza mara tatu siku ile, na mara zote tatu wakakosa. Wangepata pointi mbili tu kati ya hizo, sare. Tatu, na leo nisingekuwa na makala ya kuandika.

Nguvu halisi ya Syracuse haikuonekana kwenye ile 71-0. Ilionekana kwenye dakika zilizofuata pale kwa Penn State. Walipopewa mpira wakiwa mbele kwa pointi mbili, uwanja wote ukiwa dhidi yao, hawakuurusha hewani wala hawakufanya ujanja. Waliubeba ardhini, yadi tatu, yadi nne, yadi tano, wakipata haki ya kuendelea kuushika kila walipokaribia kuipoteza, na hawakuurudisha mpaka saa ilipokwisha. Penn State walikuwa na mmoja wa wachezaji bora nchini, Richie Lucas, na alibaki bila mpira wa kuchezea.

Siku hiyohiyo, mamia ya kilomita kusini, mabingwa wa 1958 Louisiana State, ambao walikuwa wakishika nafasi ya kwanza, walifungwa na Tennessee 14-13 baada ya mkimbiaji wa Louisiana State, Billy Cannon, kuzuiwa mstarini alipojaribu kuingiza pointi mbili za ushindi. Viwanja viwili, jioni moja, na tofauti kati ya bingwa na asiye bingwa ikawa ni majaribio machache ya nyongeza. Syracuse wakapanda juu. Tarehe 5 Desemba walisafiri hadi Los Angeles na kuwafunga UCLA 36-8, safari iliyosaidia sana kunyamazisha maneno ya kwamba hawawezi kucheza nje ya kanda yao, na kura zote mbili, ya waandishi na ya makocha, zikawapa taji. Katika orodha ya waandishi Ole Miss walikuwa wa pili, Louisiana State wa tatu, Texas wa nne.

Sasa tuje kwa hao wa pili. Ole Miss chini ya kocha Johnny Vaught walikuwa timu ya kutisha, na mwandishi asiyekiri hivyo hajui anachokisema. Katika mechi kumi walifungwa pointi 21 tu, theluthi moja hivi ya walizofungwa Syracuse, na kati ya mechi hizo kumi, saba zilimalizika bila mpinzani kupata kitu. Walipoteza moja, 7-3 kwa Louisiana State usiku wa tarehe 31 Oktoba, pale Cannon alipouokota mpira uliopigwa akaurudisha yadi 89 akiwapita watu karibu wote wa Ole Miss, tukio ambalo huko Louisiana linasimuliwa hadi leo. Siku ya Mwaka Mpya wakapewa nafasi ya kulipiza kisasi dhidi ya Louisiana State haohao katika Sugar Bowl, wakashinda 21-0. Mtu akizipanga namba hizo peke yake, akamwachia kompyuta aamue, si ajabu akipata jibu la Ole Miss.

Namba hizo, hata hivyo, zilitengenezwa ndani ya uzio. Wapinzani wote kumi wa Ole Miss mwaka ule walikuwa vyuo vya Kusini ambavyo havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kwenye timu zao za futiboli, na hiyo haikutokea kwa bahati tu. Mississippi ilikuwa na kanuni isiyoandikwa, iliyokazwa katikati ya miaka ya 1950, kwamba timu za vyuo vyake vya umma zisishindane na timu zenye wachezaji weusi. Kanuni hiyo ilikuwa na meno. Mwaka uleule wa 1959, timu ya mpira wa kikapu ya Mississippi State ilishinda ubingwa wa ligi yake ya Kusini-Mashariki na ikaikataa nafasi yake kwenye mashindano ya taifa, kwa kuogopa kwamba huko ingekutana na vijana weusi. Ilipofika 1963 wenzao wa chuo hichohicho walilazimika kutoka jimboni kwa kujificha, kabla amri ya mahakama ya kuwazuia haijawafikia, ili tu wakacheze na Loyola ya Chicago. Jimbo lililokuwa tayari kutupa ubingwa wa kikapu ili lisivunje mwiko wake lisingeiruhusu Ole Miss kwenda kukutana na Syracuse, timu yenye Ernie Davis, Art Baker na John Brown.

Upande wa uwanja nao ulikuwa umefungwa. Sugar Bowl ilichezwa New Orleans, na historia yake ya karibu ilikuwa ya aibu. Januari 1956 Pittsburgh walikuja na Bobby Grier, mchezaji wa kwanza mweusi katika mechi hiyo, na gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alijaribu kuwazuia Georgia Tech wasicheze nao. Wanafunzi wa Georgia Tech wenyewe waliandamana kumpinga gavana wao, na mechi ikachezwa. Miezi michache baadaye bunge la Louisiana lilipitisha sheria iliyokataza weupe na weusi kushindana pamoja michezoni na iliyotaka watazamaji wakae mbalimbali. Sehemu ya kushindana ilibatilishwa na mahakama za shirikisho kufikia 1959, lakini utengano wa viti ulibaki, na waandaaji waliendelea kualika timu za weupe watupu. Ndiyo maana Januari 1960 New Orleans iliwakutanisha wa pili na wa tatu, waliokuwa wameshakutana wiki chache kabla, wakati wa kwanza alikuwa Dallas akicheza na wa nne. Mashabiki wengi wa futiboli husema mechi ya kweli ya ubingwa wa 1959 haikuchezwa kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa mbovu. Mfumo ulikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Ila mfumo peke yake haukuwatenganisha Syracuse na Ole Miss. Siasa za rangi ndizo zilizofanya hivyo, na mtu akitaja la kwanza akaliacha la pili, anawapa waliojenga uzio nafasi ya kusimama pembeni kama watazamaji.

Dallas haikuwa pepo. Cotton Bowl, mechi ya mji huo, ilikuwa imewapokea wachezaji weusi tangu Januari 1948, Penn State walipokwenda na Wallace Triplett na Dennie Hoggard na kutoka sare ya 13-13 na Southern Methodist, lakini timu hiyo ililala kwenye kituo cha jeshi la majini kwa kuwa hoteli za mjini zisingewachukua wote pamoja. Texas wenyewe, waliofundishwa na Darrell Royal, walikuwa weupe tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na ilibidi kusubiri hadi 1970 ndipo Julius Whittier akawa mweusi wa kwanza kuichezea timu yao kubwa. Tofauti yao na Ole Miss ni ndogo kwa upande wa nani waliyemsajili, na ni kubwa kwa upande wa nani waliyekubali kusimama mbele yake. Walikubali. Kwa madhumuni ya hoja hii, kukubali huko kunatosha.

Ernie Davis aliingia kwenye mechi ya tarehe 1 Januari 1960 akiwa na msuli wa nyuma ya paja uliovutika mazoezini, na wengi hawakutarajia angekimbia vizuri. Mchezo ulikuwa haujapita dakika mbili. Sarette alimtupia mpira Schwedes pembeni, na Schwedes akaanza kukimbia upande, kama Syracuse walivyofanya mara mia msimu ule. Walinzi wa Texas, waliokuwa wamefundishwa kwa wiki kadhaa kwamba hawa ni watu wa kukimbia ardhini, wakapanda juu kumfuata. Schwedes akasimama, akaurusha. Davis alikuwa peke yake mbele, akaudaka na kukimbia na paja lake bovu hadi mwisho: yadi 87, rekodi ya Cotton Bowl kwa wakati ule. Napenda tukio hili kwa sababu ya ujanja wake zaidi ya urefu wake. Schwartzwalder alikuwa ametumia msimu mzima kuwafundisha wapinzani kitu kimoja, kisha akawaadhibu kwa kukiamini.

Davis alifunga tena kwa kukimbia, akaingiza pointi mbili za nyongeza mara mbili, na akaudaka mpira wa Texas uliozaa bao jingine. Matokeo yalikuwa 23-14, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Kuelekea mapumziko yaliwahi kuzuka mapigano uwanjani, yaliyoanza pale John Brown alipotukanwa kwa rangi yake na mchezaji wa Texas na kumjibu kwa ngumi. Wachezaji wa Syracuse waliosimulia baadaye walisema matusi ya namna hiyo yalianza mapema na hayakuwa ya mtu mmoja. Usiku kulikuwa na karamu ya kutoa tuzo. Wachezaji weusi waliambiwa kwamba wanaweza kuchukua zawadi zao, kisha waondoke kabla ya sherehe yenyewe. Masimulizi ya waliokuwepo hayapatani kabisa kuhusu nani alitoka na nani alibaki, lakini agizo lenyewe wanalikumbuka. Mtu aliyetoka kushinda mechi akiwa bora kuliko wote ishirini na wawili hakutakiwa kula na wengine.

Hapo yupo atakayesema kwamba ninawaadhibu vijana wa Ole Miss kwa dhambi za wabunge wao. Hoja hiyo naiheshimu. Mvulana wa miaka ishirini kutoka mji mdogo wa Mississippi hakuandika kanuni ile, na wengine kati yao pengine wangefurahi kupimana nguvu na timu bora ya nchi bila kujali nani yumo. Lakini taji halitolewi kwa nia njema ya mchezaji mmoja mmoja. Linatolewa kwa chuo, na ni chuo kinacholidai. Chuo kinachodai kuwa bora kuliko wote kinapaswa kuwa kimekubali kukutana na wote, angalau kwa kanuni, hata kama ratiba haikuruhusu. Kama kimejiwekea mwiko wa kutokutana na sehemu ya wapinzani, basi kinachoweza kudai kwa haki ni ubingwa wa ile sehemu iliyobaki. Kwa kipimo hicho Ole Miss ya 1959 ni bingwa halali wa futiboli ya weupe wa Kusini, nafasi ambayo waliipata uwanjani New Orleans kwa 21-0 na ambayo hakuna wa kuwanyang'anya.

Hata hivyo nisieleweke kwamba Syracuse kilikuwa chuo cha watakatifu. Jim Brown alipofika huko mwaka 1953 hakupewa ufadhili wa futiboli. Wakili mmoja wa mjini kwao, Kenneth Molloy, ndiye aliyehangaika kumtafutia fedha, na Brown mwenyewe alieleza miaka ya baadaye jinsi alivyotengwa na kushukiwa katika siku zake za mwanzo. Timu ya 1959 ilikuwa na weusi watatu tu. Na mwaka 1970, Schwartzwalder huyuhuyu akiwa bado kocha, wachezaji tisa weusi waligoma, wakidai kutendewa sawa katika upangaji wa timu, huduma bora za matibabu na kocha msaidizi mweusi. Walipoteza nafasi zao, na chuo kilikaa hadi 2006 ndipo kikawaomba radhi na kuwapa heshima waliyokuwa wamenyimwa. Kocha aliyempa Davis mpira mwaka 1959 hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mtu aliyetaka kushinda, na aliyeona kwamba vijana hawa watamshindia. Ni jambo dogo kuliko haki, lakini huko Mississippi hata hilo dogo lilikuwa marufuku.

Sinema za miaka ya karibuni zimezidi kuipaka rangi hadithi hii. Moja iliyotoka mwaka 2008 kuhusu maisha ya Davis inaonyesha mechi ya 1959 dhidi ya West Virginia ikichezwa kwa West Virginia, mbele ya mashabiki wanaorusha chupa na matusi, wakati mechi hiyo ilichezwa Syracuse. Watu wa West Virginia walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Uovu uliokuwepo kweli mwaka ule ulikuwa mwingi vya kutosha, na umeandikwa kwenye sheria za Louisiana na kwenye ratiba ya Ole Miss, ambako haukuhitaji mtu wa kuutungia.

Davis alikwenda mbele na kushinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1961, mchezaji mweusi wa kwanza kuipata, na Rais Kennedy akakutana naye New York. Timu ya kulipwa ya Washington ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote wa mwaka 1962, ikambadilisha kwa Cleveland, lakini kabla hajacheza mechi hata moja aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, akiwa na miaka 23.

Ole Miss walimpokea mwanafunzi wao wa kwanza mweusi, James Meredith, Septemba na Oktoba 1962, kwa ghasia zilizoua watu wawili na kuhitaji maelfu ya askari, na katika vuli ileile timu yao ya futiboli ilimaliza msimu bila kufungwa. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliuondoa utengano wa viti huko Louisiana. Mechi ya Sugar Bowl iliyofuata, Januari 1, 1965, Louisiana State walicheza na timu yenye wachezaji weusi, wakashinda 13-10, na timu hiyo iliyoalikwa ilikuwa Syracuse ya Schwartzwalder. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mwaka ambao mwaliko huo ungekuwa na maana ya taji, na mpinzani aliyepaswa kuwa upande wa pili, Ole Miss, hakuwepo.